Sura ya Saba: Zambia au Msumbiji

Bartholomew alikuwa ameleta grafu nyingine.

Inspekta Munyiva aliiona hata kabla hajauweka mkoba mezani. Ilikuwa imebandikwa ukutani juu ya kalenda yake ya chama, na kalenda hiyo ndiyo iliyomkumbusha zamu ya nani kupika Jumamosi. Grafu ilikuwa na mistari miwili. Mwekundu ulikuwa magogo ya miti migumu yaliyouzwa nje na Msumbiji, mwaka baada ya mwaka. Wa kijani ulikuwa ya Zambia. Mwekundu ulipanda kama mlima kisha ukaporomoka. Wa kijani ulijikokota chini kwa chini, halafu pale mwenzake alipoanguka, ukainuka.

"Hii ni ya ngapi?" aliuliza.

"Hii ni safi zaidi," Bartholomew akajibu.

Alikuwa mchambuzi wa takwimu za biashara, ametumwa na ofisi moja ya Nairobi kusaidia upelelezi. Aliishi Syokimau, na kila asubuhi aliingia Machakos akilalamika kwamba chai ya huku ina maziwa mengi. Hakuwa mtu mbaya. Tatizo lake ni kwamba ukimwonyesha gogo, yeye hulitafutia karatasi.

Magogo yenyewe yalikuwa mpingo mtupu, makontena yaliyojaa, yamekamatwa kwenye yadi ya mama mmoja tajiri, Kasyoka, barabara ya Kitui. Karatasi zilisema yametoka Msumbiji na yanapita Kenya tu kuelekea bandari ya Mombasa. Mzigo wa kupita haufunguliwi njiani, na huu usingefunguliwa lau polisi wa doria hawangeshuku kufuli iliyovunjika. Sasa Bartholomew alishikilia kwamba Msumbiji ilishapiga marufuku kuuza magogo mazima, ndiyo maana mstari wake ukaanguka, na biashara ikahamia Zambia. Kwa hiyo magogo ni ya Zambia na karatasi ni za uongo. Na aliyeziandika karatasi alikuwa seli, nyuma ya ukuta huohuo wenye grafu. Jina lake Umar, karani wa wakala wa forodha hapa mjini.

Ilikuwa rahisi hivyo, na ndivyo ilivyomuudhi Munyiva. Ikisemwa Zambia, Umar ni mghushi na anakwenda jela. Kesi ilikuwa mahakamani saa nane mchana. Mkuu wake, Mwangangi, alitaka jibu moja kabla ya hapo.

"Nieleze kitu kimoja," Munyiva alimwambia Bartholomew. "Mtu anaamua kudanganya nchi yalikotoka magogo. Anachagua nchi gani? Ile iliyokataza kuuza magogo?"

Bartholomew alikuna sikio. Alisema huenda mghushi hakujua kuhusu marufuku.

"Mtu aliye katika biashara ya magogo hajui?"

"Wahalifu hawafikiri, Inspekta."

"Mimi nimewakamata miaka mingi. Hufikiri kuliko wewe na mimi. Shida yao ni kuchoka."

Aliagiza Umar aletwe.

Umar aliingia bila mshipi wala kamba za viatu, akishikilia suruali kwa mkono mmoja. Alikuwa kijana mwembamba wa familia ya Waislamu wa mjini. Babu yake alikuja na duka la vitambaa na hawakuondoka tena. Alisalimia kwa heshima, akaketi, na macho yake yakaenda moja kwa moja kwenye ile mistari miwili ukutani.

Munyiva alimuuliza nani alimwambia aandike Msumbiji.

"Karatasi, madam."

"Karatasi haziongei, Umar."

"Zililetwa na mtu wa yadi. Ziko na muhuri, ziko na sahihi. Mimi kazi yangu ni kuingiza kwa kompyuta. Sikuongeza hata nukta."

"Magogo uliyaona?"

"Mara moja. Nilienda yadi kuchukua sahihi, nikapata lori inashusha."

"Dereva alikuwa mtu wa wapi?"

"Mkamba."

"Mkamba analeta lori kutoka Msumbiji?"

"Si mnaenda kila mahali, madam?" Umar alisema, na Munyiva karibu acheke, kwa sababu mjomba wake mwenyewe aliuza vinyago Maputo mpaka akaoa huko.

Alimuuliza mengine, lakini kijana alikuwa amechoka. Kila swali alilijibu kwa kuuliza kama ni kweli akikubali tu atatozwa faini aende nyumbani. Munyiva alitaka kujua nani amemwambia hivyo. Umar akatazama mlango. Munyiva hakuhitaji kuambiwa. Aliitambua harufu ya Mwangangi katika ahadi ya namna hiyo.

Nje, kwenye benchi la kungojea, alikuwa ameketi Sumayya, dada mkubwa wa Umar, mwenye mkahawa karibu na soko. Alikuwa na bakuli la pilau lililofunikwa kwa kitambaa. Alikuwa amekataliwa kuliingiza, akakataa kuondoka nalo, kwa hiyo askari wa zamu walikuwa wakilitazama kama watu wanaongoja mvua.

Sumayya hakungoja salamu. Alimwambia Munyiva kwamba yeye, Munyiva, ni mama, na mama hawezi kukaa ofisini na picha za rangi huku mtoto wa mtu akioza seli. Alisema Umar si mwizi, ni mjinga, na ujinga wake anaujua yeye kwa sababu ndiye aliyemlea. Mtu yeyote akimpa kitu anapokea. Mwezi wa pili huo, alipotoka kwenye hiyo yadi, alirudi nyumbani usiku na mfuko wa samaki, eti dereva wa lori kampa zawadi. Yeye Sumayya, baada ya kusimama jikoni kutwa, akaanza kupara magamba.

"Samaki gani?" Munyiva aliuliza.

"Ngege. Wengine kambare. Sasa hata samaki nao ni kosa?"

"Waliokaushwa?"

"Wakaushwe na nani? Wabichi. Mmoja aliruka kwenye karai, nikapiga yowe majirani wakaja." Alimtazama Munyiva kwa dharau. "Afande, wewe hujawahi kununua samaki?"

Munyiva alikuwa amenunua samaki maisha yake yote, na alijua samaki mbichi hufika Machakos kutoka wapi. Hatoki bahari ya Hindi akipitia mipaka miwili juu ya lori la magogo. Anatoka bwawa la Masinga, na anapitia Kithyoko na Ekalakala akiwa bado anapumua.

Alirudi ofisini, akafunga mlango.

"Hiyo grafu yako ni ya mwaka kwa mwaka," alimwambia Bartholomew. "Nipe ya mwezi kwa mwezi."

"Haitakusaidia. Inaruka-ruka. Nilisawazisha ili mwelekeo uonekane."

"Ondoa huo usawazishaji."

"Inspekta, huko kuruka ni kelele tu. Kelele za msimu. Mtaalamu yeyote—"

"Bwana Bartholomew. Nimekuheshimu wiki nzima. Nionyeshe kelele."

Alibofya kwa hasira. Mistari ikavunjika kwenye kompyuta, ikawa meno ya msumeno, mwekundu na kijani. Munyiva alivaa miwani akasogea. Kwa wiki nzima walikuwa wakitazama mahali mistari ilipoachana: Msumbiji chini, Zambia juu. Walibishana hapo mpaka wakachukiana. Hakuna aliyeangalia mahali ilipofanana. Na ilifanana kila mwaka, mahali palepale. Kila mwanzo wa mwaka, mistari yote miwili ilikatwa hadi shinani. Msumbiji ilishuka, Zambia ikashuka, zikalala sakafuni pamoja kama mapacha, kisha zikaamka pamoja mvua zilipokwisha.

"Hapa pana nini?"

"Mvua," Bartholomew alisema, bado amenuna. "Kule kusini masika yao ni miezi hiyo. Malori hayaingii msituni, na hata ukataji husimamishwa. Ndiyo maana nikasema ni kelele."

Munyiva alifungua faili la kesi, akamwekea kidole juu ya tarehe. Magogo yamekatwa Januari. Yamepakiwa Februari.

Bartholomew aliisoma. Akaisoma tena. Alisema labda ni akiba ya zamani iliyobaki ghalani, na Munyiva akamwambia tena karatasi zinasema yamekatwa Januari, na mbao zenyewe zina unyevu. Ripoti ya unyevu aliiandika Bartholomew mwenyewe. Ndipo Bartholomew akafanya jambo lililomrudishia heshima machoni pa Munyiva. Hakubisha. Alirudi nyuma miaka yote aliyokuwa nayo, nchi moja baada ya nyingine, akitafuta mwaka mmoja tu ambao mojawapo iliuza kitu cha maana miezi ile. Hakuupata. Aliegemea kiti.

"Si Zambia," alisema.

"Wala si Msumbiji."

"Basi yametoka wapi?"

"Mahali ambapo Januari na Februari ni pakavu, lori linaingia popote. Mahali penye mpingo. Na samaki." Alichukua funguo. "Na mtu wa huko hana habari kwamba Msumbiji ilikataza magogo, kwa sababu hajawahi kununua hata kijiti Msumbiji."

Mwangangi aliwakuta kwenye ngazi. Alikuwa mtu mnene, mwenye haraka ya kustaafu, na alisikiliza maelezo yote akiwa anatazama saa. Mvua, samaki, Masinga. Mwisho akafunga macho kama mtu anayeumwa jino.

"Inspekta, nimekuomba nchi. Sikukuomba jiografia."

Munyiva aliomba muda wa kufika yadi. Akapewa, kwa sharti kwamba asipokuwa mahakamani saa nane na kitu cha kushikika, kesi itaendelea kwa Zambia.

Kasyoka aliwapokea mwenyewe langoni, amejifunga leso ya chama cha akina mama wa kanisani, akawaambia chai iko. Alikuwa mwanamke mkubwa wa mwili na wa sauti, mikono yake minene, yenye nguvu. Alimwita Munyiva "mwanangu" mara tatu kabla hawajafika kwenye makontena. Alisema anawahurumia polisi kwa kazi, anamhurumia hata yule kijana wa Kiislamu, lakini yeye ni mlinzi tu wa mzigo wa watu. Kontena zilifungwa hukohuko Msumbiji. Ndani hajawahi kutia jicho mpaka siku polisi walipofungua.

"Hata kidogo?" Munyiva aliuliza.

"Mwanangu, mali ya watu naiangalia ya nini?"

Kontena la kwanza lilikuwa wazi, askari amekaa kivulini mwake. Munyiva aliagiza magogo matatu yatolewe, yakalazwa juani. Hayakuwa mapana; mpingo haunenepi. Lakini yalikuwa mazito kiasi kwamba askari wawili walilibeba moja huku wakilitukana. Kwenye ncha zote mbili za kila gogo kulikuwa na ganda la kijivu, kavu, nene kama ukoko wa sufuria iliyounguza ugali. Ripoti ya kwanza ya Bartholomew iliandika: matope ya barabarani.

Munyiva alijiuliza ni barabara gani hiyo inayochafua ncha tu na kuacha ubavu safi.

Alikwaruza ganda kwa ufunguo wa gari. Likatoka unga wenye vipande vya majani yaliyosagwa. Akaomba maji, akamimina kidogo, akainama, akanusa. Bartholomew naye alinusa, akarudi nyuma haraka.

"Samadi," Munyiva alisema. "Wanunuzi wa huko unaosoma takwimu zao hupaka nini kwenye ncha?"

"Picha nilizoona ni rangi. Au nta."

"Hakuna anayepaka mavi ya ng'ombe?"

"Sijaona."

Munyiva hakumtazama Kasyoka. Alichuchumaa, akaingiza ufunguo chini ya ganda na kuanza kulibandua lote, polepole, bonge moja baada ya jingine, mpaka moyo mweusi wa mpingo ukabaki wazi juani. Akahamia gogo la pili. Jua lilikuwa kali, lile la saa sita linalofanya hata mawe yanung'unike. Akasikia pumzi za Kasyoka nyuma yake zikibadilika. Akabandua bonge jingine.

"Eka!" Kasyoka alisema. "Acha! Usibandue, litapasuka."

Munyiva aliinuka taratibu, magoti yakamlalamikia.

"Litapasuka?"

"Jua likiingia kwa moyo linapasuka mpaka katikati. Funika hiyo kitu."

"Nani kakwambia?"

"Si kila mtu anajua."

"Kila mtu wa hapa," Munyiva alisema. "Huyu Bwana Bartholomew hajui. Ana digrii mbili, akaandika ni matope. Umesema hujawahi kutazama ndani. Sasa unajua kwamba samadi ni dawa ya nyufa."

Kasyoka alisema basi ni watu wa Msumbiji waliopaka. Munyiva alimuuliza ni watu gani wa Msumbiji wanaofuga ng'ombe msituni kwenye masika. Akasema labda ni Zambia. Munyiva akamwambia achague nchi moja, kwa sababu mkuu wake pia amechoka na jiografia. Kisha alimuuliza baba yake alikuwa anafanya kazi gani.

Kasyoka alishuka, akaketi juu ya gogo ambalo bado lilikuwa na ganda lake, kama kuku anayelinda mayai.

"Mchongaji wa vinyago," alisema. "Kule Wamunyu. Alituchapa tukiacha mpingo bila kupaka."

"Na hawa wakataji wako wa Kithyoko?"

"Ni watoto wa wachongaji. Niliwaambia wakate, wapakie, basi. Sikuwaambia wapake." Alipangusa uso kwa leso. "Nilipoona wamepaka, ningewaambia waoshe. Nilijua. Lakini mpingo umekaa ardhini miaka mingi kuliko mimi na wewe, mwanangu. Nani angeuacha wazi upasuke?"

Bartholomew alimtazama kwa mshangao wa kweli, kama mtu aliyeona takwimu ikitokwa na jasho. Munyiva hakuwa na nafasi ya huruma. Alimsomea haki zake, akamwachia askari, na alipotazama saa akaanza kukimbia.

Foleni ya magari mjini ilikuwa ileile ya siku ya soko. Walifika mahakamani Bartholomew akiendesha na Munyiva akiandika muhtasari gotini, herufi zikicheza kila penye tuta. Ndani, kesi ilikuwa imeshaitwa. Umar alikuwa amesimama kizimbani, bado ameshikilia suruali. Sumayya alikuwa safu ya mbele, bila pilau. Mwangangi alikuwa ameketi pembeni, mikono kifuani, mwenye amani ya mtu aliyemaliza kazi.

Karani wa mahakama alikuwa ametoka kumsomea shitaka: kughushi hati ili kuonyesha magogo ya Zambia kuwa ya Msumbiji.

"Ni kweli," Umar alisema.

Sumayya alitoa sauti ndogo, kama aliyekanyagwa.

Munyiva alihisi hasira ya wiki nzima ikimpanda mpaka kwenye masikio. Alikuwa amevuka mji mzima kumtoa mtu shimoni, na mtu mwenyewe alikuwa ameshaanza kujifukia. Lakini alizijua taratibu za mahakama. Mshtakiwa akikubali kosa, hahukumiwi palepale. Kwanza upande wa mashtaka husoma maelezo ya jinsi kosa lilivyotendeka, na maelezo huandikwa na mpelelezi. Mpelelezi alikuwa yeye.

Alipita katikati ya watu, akamwekea Emily, mwendesha mashtaka, karatasi yake juu ya ile iliyokuwa mezani. Emily aliisoma kwa haraka. Akamtazama Munyiva kama anayetamani kumfinya. Akamtazama Mwangangi, ambaye amani ilikuwa inamtoka. Kisha akasimama.

"Mheshimiwa, maelezo ya upande wa mashtaka ni kwamba magogo haya yalikatwa bila kibali karibu na Kithyoko, katika kaunti hii. Hayajawahi kuvuka mpaka wowote. Mwenye yadi amekamatwa na amekiri leo mchana. Hati alizopewa mshtakiwa zilikuwa tayari na muhuri."

Hakimu, mzee mwenye sauti ya chini, aliweka kalamu.

"Kwa hiyo mshtakiwa amekiri kuyaficha magogo ya Zambia," alisema, "ambayo si ya Zambia."

"Ndiyo, mheshimiwa," Emily alisema.

"Maelezo haya hayalingani na shitaka. Nitaandika kwamba amekana." Aliandika, kisha akageukia kizimbani. "Kijana. Magogo haya uliwahi kuyajua yametoka Zambia?"

"Hapana, mheshimiwa."

"Basi kwa nini umekubali?"

Umar aliangalia chini, kisha akamtazama Mwangangi, kisha Bartholomew aliyekuwa amesimama mlangoni bado anahema.

"Walinionyesha grafu, mheshimiwa," alisema. "Kila siku. Nikadhani lazima wanajua kuliko mimi."